Shajara ya mradi: mastaa wa sinema bubu kwa Kiswahili

Januari mwishoni

Haya, tumeanza rasmi. Mradi wenyewe ni huu: tunachukua muvi za enzi ya sinema bubu za Marekani, za kati ya 1910 na 1928 hivi, tunazitafsiri kwa Kiswahili kwa mtindo ule ule wa ma-DJ wa vibanda umiza, yaani mtu anakaa na maiki anaongea juu ya picha mwanzo mpaka mwisho, alafu kabla ya kila muvi tunaweka dakika chache za kumweleza staa mwenyewe alikuwa nani, kampuni gani ilimtoa, na mashabiki wake walikuwa wanafanya nini. Hiyo ya mashabiki ndo inayonivuta kuliko zote. Ukitaja sinema bubu wengi wanawaza mitambo ya kizamani na watu wanaokimbia kimbia kwenye skrini, kumbe pale ndo ustaa tunaoujua leo ulipozaliwa, na kampuni hazikuuzaa, zilikuwa zinaukwepa. Waliouzaa ni watu waliolipa kiingilio wakakaa gizani wakaanza kuulizana, huyu dada anaitwa nani?

Mimi naandika skripti na kuediti. Binamu yangu ndo sauti, katafsiri muvi za Kihindi na za ngumi miaka mingi hapa Tanga, anajua kuongea bila kuishiwa pumzi. Mzee mwenye kibanda kule Makorora katuruhusu tutumie ukumbi wake usiku wa katikati ya wiki zile siku hakuna mpira.

Nimeulizwa sana, sasa muvi ambayo hakuna anayeongea utaitafsirije? Wajapani walishalijibu hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Wao walikuwa na watu wanaitwa benshi, benshi anakaa pembeni ya skrini anasimulia muvi yote, anawapa wahusika sauti, anaeleza hapa ni wapi na huyu anawaza nini, na watu walikuwa wanachagua ukumbi kwa kumfuata benshi wao hata kama muvi yenyewe hawaijui. Musei Tokugawa alikuwa na jina kubwa kweli kweli kwa kazi hiyo. Sauti ilipoingia kwenye sinema kazi ikaanza kuwafia, 1932 wakagoma kule Tokyo, haikusaidia. Sasa nikimsikiliza Lufufu wa Dar, DJ Afro wa Kenya, VJ Jingo wa Kampala, naona ni kazi ile ile imezaliwa upya huku kwetu bila mtu kumfundisha mtu. Kwa hiyo hatujaleta kitu kigeni, tunairudisha muvi bubu kwenye mikono iliyoizoea.

Februari

Wiki zote hizi tumehangaika na spidi. Kamera nyingi za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, hazikuwa na mwendo mmoja, nyingi zilikuwa zinapiga kama picha 16 mpaka 20 kwa sekunde, na mzungushaji alikuwa anabadilisha mkono makusudi kufuatana na tukio. Muvi ya sauti ilipokuja ikataka mwendo usiobadilika, ndo ikawekwa 24. Kwa hiyo muvi iliyopigwa kwa 18 ukiicheza kwa 24 unakata robo nzima ya muda wake, ndo unaona watu wanatembea kama wamemwagiwa maji ya moto, na kizazi kizima kikaamini hawa watu walikuwa wanaigiza hivyo. Hawakuwa wanaigiza hivyo! Tumeishusha mpaka mwendo wa mtu ukawa mwendo wa mtu, na hapo hapo uso wa muigizaji unaanza kusomeka, unaona jicho linavyohama kabla mkono haujahama. Na binamu anapata nafasi ya kumaliza sentensi.

Majaribio tumefanyia The Immigrant ya Charlie Chaplin, ya 1917. Tumeng'ang'ana na kile kipande cha hotelini. Jamaa hana kitu, anaokota sarafu nje ya mlango, anaitia mfukoni, mfuko una tundu sarafu inabaki chini na yeye hajui, anaingia ndani anaagiza maharage kwa kujiamini kabisa. Alafu anaona mteja mwenzake anapigwa na mawaita wote kwa kupungukiwa senti kumi tu, anauliza kwa woga huyu kafanya nini, ndo anapeleka mkono mfukoni. Binamu pale hakutafsiri neno lolote la kwenye ubao wa maandishi, kasema tu "eeh Mola wangu, na maharage nimeshayala" na mzee wa kibanda aliyekuwa anapita na ndoo kaiweka chini akakaa. Waita lile jitu la miraba minne ni Eric Campbell, alikufa kwenye ajali ya gari Desemba mwaka huo huo wa 1917, nimelisema kwenye utangulizi maana yule mtu alibeba nusu ya vichekesho vya Chaplin vya kipindi kile na watu hawamtaji.

Na hela nimeziweka, maana watu wanaelewa ukubwa wa staa kwa hela. 1914 Chaplin aliingia kampuni ya Keystone kwa dola 150 kwa wiki. 1916 kampuni ya Mutual ikampa dola 10,000 kwa wiki na bonasi ya 150,000 juu yake, ana miaka 26. Miaka miwili! Katikati hapo mashabiki wameshafanya mashindano ya kumuigiza mji kwa mji, na mwenye ukumbi akitaka watu anatoa nje sanamu bapa la Chaplin limeandikwa "nipo hapa leo", basi, jina la muvi hata halikuwa na haja.

Machi

Nimeandika skripti ya Florence Lawrence na hii naona ndo mgongo wa mradi mzima.

Mwanzoni kampuni hazikutaja waigizaji. Biograph ya New York ilikuwa kali kuliko zote, muvi inatoka haina jina la mtu hata mmoja, na moja ya sababu iko wazi, mtu akijulikana atadai mshahara. Sasa watazamaji wao wakaanza kuitambua sura ya Florence, kila wiki wanaiona, wanaipenda, jina hawana, basi wakambatiza wenyewe "msichana wa Biograph". Wakaandika barua kuuliza. Kampuni kimya. Uingereza huko hamu ilikuwa kubwa mpaka wauzaji wa muvi za Biograph wakaamua kuwabunia waigizaji majina ya uongo ili mashabiki wapate pa kushika, Blanche Sweet akaitwa Daphne Wayne, Mabel Normand akaitwa Muriel Fortescue, na watu wakayapenda majina ya watu wasiokuwepo.

Florence akatoka Biograph 1909, akachukuliwa na Carl Laemmle wa kampuni ya IMP. Huyu Laemmle ndo yule aliyekuja kuanzisha Universal 1912, na wakati ule alikuwa kwenye vita na kundi la mvumbuzi Thomas Edison lililotaka kumiliki biashara yote ya sinema kwa hataza za mitambo, yaani haki za uvumbuzi, kwa hiyo alihitaji silaha ambayo kundi la Edison hawana. Silaha ikawa jina la mtu. Machi 1910 akatoa tangazo kwenye magazeti ya biashara ya sinema, kichwa chake kikali kabisa, kinasema tunaupigilia msumari uongo: kwamba maadui wameeneza habari kuwa Miss Lawrence kagongwa na tramu amekufa, na kwamba ni uongo mtupu, yuko hai anapiga muvi na IMP. Wanahistoria wengi wanaona aliyetengeneza huo uongo ni Laemmle mwenyewe. Alafu akampeleka St. Louis pamoja na King Baggot watu wamuone kwa macho kuwa mzima, na umati ukajaa kumpokea.

Ukilitazama vizuri lile tangazo, nguvu yake haiko kwa Laemmle. Tangazo la kwamba fulani hajafa linafanya kazi pale tu ambapo maelfu ya watu wangeumia kweli akifa. Mapenzi yalikuwepo tayari, yamejengwa na wale watu waliokuwa hawana hata jina lake, Laemmle kayachota tu. Hii sentensi nimemwambia binamu asiiharakishe kabisa, aiache itue.

Mwisho wake unaumiza. Baada ya miaka michache tu nyota yake ikashuka, miaka ya 30 alikuwa anapewa vijisehemu vidogo visivyo na jina, akajiua 1938, kaburi lake kule Hollywood halikuwa na jiwe mpaka 1991 alipojitokeza muigizaji Roddy McDowall akalipia. Jiwe limeandikwa staa wa kwanza wa sinema. Mtu aliyeanza bila jina kwenye skrini akalala zaidi ya miaka 50 bila jina kaburini, nashindwa kulipita hili haraka.

Machi, siku chache baadaye

Nimezama kwenye magazeti ya mashabiki. Yameskaniwa mengi na Media History Digital Library, bure, na yanasomeka vizuri hata kwa simu. Motion Picture Story Magazine na Photoplay yote yalianza 1911. Lile la kwanza lilianza kwa kuandika hadithi za muvi tu, yaani unasoma ulichokiona, wasomaji wakaligeuza, wakawa wanatuma maswali ya waigizaji mpaka ikabidi ifunguliwe kona ya majibu, na mwanzoni ile kona ilitangaza wazi kwamba maswali ya ndoa za waigizaji na mambo yao binafsi hayatajibiwa. Kurasa kwa kurasa majibu mafupi mafupi, swali lenyewe hulioni, unaliotea kwa jibu. Ndio alikuwa fulani. Hapana, yule mwenye farasi ni mwingine. Unawasikia watu kabisa.

Na huku kwetu msidhani muvi zilichelewa. Zanzibar ukumbi wa Royal pale Vuga ulifunguliwa 1921, sinema ya sauti ilikuwa bado haijazaliwa, kwa hiyo miaka ya mwanzo ya ule ukumbi ni ya muvi bubu. Baadaye uliungua ukajengwa upya ukawa Majestic. Nimeliweka kwenye utangulizi wa kipindi cha kwanza, watu wajue babu zao hawakuwa nje ya hii habari.

Aprili

Theda Bara. Hapa kuna ugumu wa aina yake, unamfanyia kipindi staa ambaye muvi zake hazipo.

Jina lake la kuzaliwa ni Theodosia Goodman, mtoto wa fundi cherehani, Cincinnati, Ohio, 1885. Kampuni ya Fox ilipomtoa 1915 na muvi ya A Fool There Was ikamtengenezea maisha mengine kabisa, kwamba kazaliwa jangwani Misri kwenye kivuli cha piramidi, ana damu ya Kiarabu, wakampiga picha na mifupa ya binadamu, wakaeneza kwamba herufi za jina lake ukizipanga upya unapata "kifo cha Mwarabu" kwa Kiingereza. Hii ya kuuza Misri na Uarabu kama uchawi na hatari, kwa watu ambao hawajawahi kufika, nimeisema wazi kwenye skripti kwamba haikuwa heshima, na watazamaji wetu wa pwani wataielewa haraka kuliko mtu yeyote. Ila Theodosia mwenyewe simlaumu. Alikuwa mfanyakazi hodari, alipiga karibu muvi 40, nyingi ndani ya miaka minne mitano tu, na alikuwa staa mkubwa kuliko wote wa Fox.

Sasa zilizobaki ni chache sana, za kuhesabu kwa vidole. Filamu ya zamani ilikuwa ya naitreti, inashika moto kirahisi na ikishika inajitengenezea oksijeni yake yenyewe, hata ukiizamisha majini inaendelea kuwaka. Tarehe 9 Julai 1937, wakati wa joto kali, stoo ya Fox pale Little Ferry, New Jersey ikalipuka, mizingo ya filamu zaidi ya 40,000 ikaisha, na karibu kazi yote ya Theda Bara ikaondoka na ule moto. Cleopatra yake ya 1917, muvi kubwa ya gharama kubwa, leo zipo sekunde chache na picha za mnato. Na si yeye tu, Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti 2013 kwamba kati ya muvi ndefu bubu karibu 11,000 za Marekani, zilizobaki kamili kwa umbo lake la asili ni asilimia 14. Nyingi hazikuungua hata, zilitupwa, au ziliyeyushwa kutoa madini ya fedha yaliyokuwa ndani ya filamu, maana sauti ilishaingia na kampuni ziliona hakuna atakayezitaka tena.

Lakini Cleopatra tunaijua inaonekanaje kwa sababu kuna watu walinunua magazeti na kadi za picha wakatunza. Ndo tulivyoamua kukifanya kipindi: picha za mnato za Cleopatra zinapita moja moja, binamu anasimulia kutokana na yale yaliyoandikwa wakati ule, alafu ndo tunacheza A Fool There Was ambayo ipo. Tumerekodi nusu. Binamu anasema ni kazi nyepesi zaidi kwake, picha imetulia, maneno ndo yanatembea.

Mei

Fupi tu. Haki: muvi za Marekani zilizotoka kabla ya 1929 zimeshakuwa mali ya umma kule, lakini muziki uliowekwa juu yake na kampuni za siku hizi sio, kwa hiyo tunafuta sauti yote na kuweka yetu. Enzi zile kila ukumbi ulikuwa na mpiga piano au kinanda, au bendi kabisa, kila mji muvi ile ile ilisikika tofauti. Tanga ni mji wa taarabu, kinanda hatujakikosa. Tumempata mpigaji mmoja wa kikundi cha taarabu, anaangalia muvi mara moja kimya alafu ndo anaanza, na akifika kwenye huzuni anatulia kwenye noti moja mpaka shingo inasisimka.

Juni

Onyesho la kwanza la wazi limefanyika, kibanda kilijaa na watoto wamekaa chini mbele. Tuliweka Chaplin wa hotelini, alafu kile kipande cha kimbunga cha Buster Keaton kwenye Steamboat Bill, Jr. ya 1928.

Kipande hicho tulikigombania mazoezini. Kimbunga kinabomoa mji, Keaton kasimama mbele ya nyumba ya ghorofa, ukuta mzima wa mbele unachomoka na kumwangukia, na yeye anapona kwa sababu amesimama pale pale dirisha la juu lililo wazi linapotua. Ukuta ni wa kweli, mzito wa kuua, pande zote zimebaki inchi chache, hakuna kompyuta wala mtu wa kumwakilisha, amesimama alipopimiwa na hakutikisika. Binamu alikuwa na maneno mazuri kayaandaa. Nikamwomba azime maiki kuanzia ukuta unapoanza kuinama, na kinanda kinyamaze. Akakubali kwa shingo upande.

Usiku wa onyesho ukuta ulipoanguka hakuna aliyepumua, alafu kibanda chote kikapiga yowe kwa pamoja, bibi mmoja nyuma anasema "Subhanallah, huyu mama yake alimwona?" Mzee mwenye kibanda akaja kwangu, nikadhani anataka tufunge, kumbe anasema rudisha hapo mwanangu, rudisha. Tumerudisha. Binamu kashika maiki safari hii akaeleza upana wa lile dirisha kwa mikono, akasimamisha kijana mmoja mbele ya skrini akampima kila upande. Kile alichokifanya pale hakikuwa kwenye skripti na tumekiingiza moja kwa moja, kitakuwepo kila onyesho.

Julai

Naandika Valentino. Rudolph Valentino, kijana wa Castellaneta kusini mwa Italia, kafika Marekani 1913, kafanya kazi za bustani na kucheza dansi za kulipwa, 1921 akawa staa mkubwa wa mahaba. Wanaume wengi walimchukia hadharani kwamba anafundisha wanawake kutaka mengi, gazeti la Chicago Tribune lilimwandikia tahariri ya kumdhalilisha Julai 1926 na aliumia nayo. Agosti 23 mwaka huo huo akafariki New York, maambukizi ya tumboni baada ya upasuaji, ana miaka 31.

Watu kama 100,000 walijaa barabarani kwenye nyumba ya maiti kutaka kumuona, vioo vikavunjika, polisi wa farasi wakaingia. Magazeti yaliandika kama ni wazimu wa wanawake. Nilipowasomea rasimu wakina mama wa mtaani kwetu hakuna hata mmoja aliyeuita wazimu, wote walisema Kanumba, muigizaji wetu wa bongo muvi, siku tunamuaga. Aprili 2012, Leaders Club, Dar, walikuwepo au walikaa mbele ya tivii siku nzima. Shangazi yangu akasema, "mtu umemuona akilia sebuleni kwako miaka yote, akifa usimlilie wewe ni mtu gani?" Nimemwomba ruhusa, nimeiweka hiyo kauli mwanzoni kabisa mwa kipindi, kwa sauti yake mwenyewe.

Agosti

Valentino imeisha kurekodiwa. Sasa nipo kwa Mary Pickford na hapa nahitaji sauti ya mwanamke, binamu mwenyewe kasema hii sio yake.

Jina lake la kuzaliwa ni Gladys Smith, wa Toronto, akaingia Biograph 1909 bila jina kama wenzake, mashabiki wakamwita Mary mdogo. Kufika 1916 analipwa dola 10,000 kwa wiki, 1919 anaanzisha United Artists pamoja na Chaplin, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith, mwanamke mwenye kampuni yake kabisa. Lakini mashabiki walimtaka mtoto. 1925 Photoplay likawauliza wasomaji Mary aigize nini, na majibu yakaja ya wasichana wadogo, Cinderella, Heidi, Alice. Mwanamke wa miaka 30 na kitu, mfanyabiashara hodari, akarudi kuigiza msichana mwenye nywele za mawimbi kwenye Sparrows ya 1926. Siku aliyoingia saluni New York 1928 akazikata zile nywele ilikuwa habari ya magazeti makubwa.

Nimekuwa nawasifia mashabiki tangu Januari na bado nawasifia, ila kipindi hiki lazima kiseme na upande huu, kwamba mapenzi yale yale yaliyompa jina yalimkataza kukua. Sitaki kiwe kipindi cha kuwasuta. Nataka mtu anayempenda staa fulani leo, anayemwandikia kila siku, akisikilize akiwa amekaa na wenzake.

Wamejitokeza wanawake wawili wa kikundi cha maigizo kujaribu sauti. Mmoja ana miaka ya kati, ana sauti nzito kidogo, na alipofika kwenye kipande cha mkasi alisoma kwa utulivu, hakulia wala hakushangilia. Namtaka huyo. Mpiga kinanda ana harusi za mfululizo mpaka mwisho wa mwezi, tukimpata tunarekodi Septemba wiki ya kwanza, na mzee wa Makorora ameshasema ukumbi upo ila tumpishe siku za ligi.